Ukienda Gazi, usikimbilie kupanda

Kambi za wikendi za mazingira zimekuwa nyingi Kenya. Kampuni inawapeleka wafanyakazi wake, kanisa linawapeleka vijana wake, chuo kinawapeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira, na wapo wanaojilipia wenyewe ili wakae siku mbili mbali na simu, wale chakula cha mashambani, wajifunze kupunguza taka na wapande miti. Naziunga mkono kambi hizi. Mtu wa Nairobi akilala mahali ambapo maji huchotwa na hakuna lori la kuja kuzoa taka, anaelewa mambo ambayo semina ya hotelini haiwezi kumfundisha. Lakini karibu kambi zote zina kasoro moja: upandaji wa miti umefanywa kilele cha safari. Mche ukishaingia ardhini na picha zikapigwa, kazi inahesabiwa imekwisha. Sehemu ngumu, ile inayohitaji watu, kanuni na fedha mwaka hadi mwaka, wageni hawaioni kabisa, na wakirudi nyumbani hawajui hata kwamba ipo.

Mahali pazuri pa kulionea jambo hili ni Gazi, katika Kaunti ya Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa ukifuata barabara ya Lunga Lunga. Ni kijiji cha wavuvi chenye minazi, misikiti na nyumba ya Mbaruk bin Rashid, yule kiongozi wa ukoo wa Mazrui aliyewasumbua Waingereza mwaka 1895. Mbele yake kuna ghuba iliyozungukwa na mikoko. Mikoko hiyo iliwahi kukatwa vibaya. Katika miaka ya 1970 ilikuwa kuni za viwanda, na kabla ya hapo, kwa karne nyingi, mikoko ya pwani hii ilikuwa miti ya kujengea. Kila mwenyeji wa Pwani anajua majina yake kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo, banaa. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi Uarabuni mpaka serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje ya nchi mwaka 1982. Gazi ilibaki na vipara vya matope ambavyo havikuota chochote. Miaka ya 1990 watafiti, akiwemo James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, wakaanza kuvipanda upya wakisaidiana na wanakijiji.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kupanda, na kambi za wikendi zingekuwa na haki ya kuiga. Haikuishia hapo. Mwaka 2013 wakazi wa Gazi na jirani zao wa Makongeni walianzisha Mikoko Pamoja, mradi unaotajwa kote kuwa wa kwanza duniani ambapo jamii inauza krediti za kaboni zinazotokana na mikoko, yaani vyeti vya kaboni ambayo mikoko imeizuia isiingie hewani. Mradi unashughulikia hekta 117. Kati ya hizo, sehemu iliyopandwa kwa mkono wa binadamu ni ndogo sana, kama hekta 10. Zaidi ya hekta 100 ni msitu uliokuwepo tayari. Ziangalie vizuri tarakimu hizo. Kaboni nyingi inayouzwa, kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, inatokana na miti ambayo mtu fulani aliamua kutoikata, na mtu mwingine akahakikisha haikatwi usiku. Na sehemu kubwa ya kaboni iliyohifadhiwa na msitu wa mikoko haiko hata kwenye miti. Iko chini, kwenye tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, ambalo limekuwa likizika majani na mizizi kwa mamia ya miaka. Ukikata mikoko na kulifukua tope hilo, unaiachilia. Mche wa leo utahitaji maisha ya vizazi kadhaa kurudisha kilichotoka.

Kwa hiyo shughuli yenyewe ni ulinzi. Kuna kamati inayochaguliwa na wanakijiji, kuna walinzi wanaoingia msituni, kuna makubaliano na Huduma ya Misitu ya Kenya, kuna hesabu za miti zinazopimwa na kukaguliwa, kuna shirika la hisani la Scotland, ACES, linalotafuta wanunuzi, na kuna baraza ambapo watu hubishana fedha za mwaka huu ziende kwenye maji, vitabu vya shule au zahanati. Kuna pia mashamba ya mivinje, kwa sababu mama aliyekatazwa kuni za mkoko bado ana ugali wa kusonga jioni, na kijana anayeoa bado anahitaji fito za kujengea. Mtu aliyeupanga mradi bila kufikiria mivinje angekuwa amehamishia tu ukataji kwenye msitu wa jirani. Haya ndiyo ninayotaka mgeni wa wikendi ayaone. Hayapigiki picha, lakini yakiondoka, hekta 117 zinaondoka nayo.

Tuje kwenye matope yenyewe. Waandaaji wa kambi hupanga ratiba kwa kalenda ya ofisi: Jumamosi, saa nne asubuhi, kupanda mikoko. Bahari ya Gazi haina Jumamosi. Inafuata mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, saa nne asubuhi maji ya pwani hii huwa yamekupwa na unaweza kutembea hadi mbali ukiwa na tope magotini. Wiki moja baadaye, maji mafu yakiingia, saa ileile maji huwa yamejaa, na wageni waliovaa fulana zinazofanana watasimama ufukweni wakitazama bahari. Nikisikia kwamba kambi imepangwa bila kumuuliza mvuvi au kina mama wa Gazi siku gani maji yanakupwa saa ngapi, najua ni nani aliyehesabiwa mwalimu na nani aliyehesabiwa msaidizi.

Halafu, kupanda kwenyewe si kuchomeka tu. Tunda la mkoko huota likiwa bado juu ya mti, likaning'inia kama mkuki wa kijani. Aliyezoea hulitazama shingoni kwanza: pete ya manjano ikijitokeza pale linapoungana na kofia yake, limekomaa, isipojitokeza, umelichuma bure. Hulizamisha theluthi moja au zaidi kidogo, ncha kali chini, wima, na huangalia tope linavyoshika kidole. Mgeni huzamisha sana au kidogo, hulaza upande, au hupanda kwenye kijito ambacho maji hupita kwa kasi. Baya zaidi ni kuchagua mahali pasipo pa mkoko kabisa. Mikoko ina madaraja yake: mlilana hukaa mbele kabisa ukipigwa na bahari, mkoko wenyewe, ule wa tunda la mkuki, nyuma yake, mkandaa juu zaidi, na mchu huvumilia mchanga wa chumvi kali ambako mingine hufa. Miradi mingi ya mikoko duniani imeshindwa kwa sababu moja tu, kupanda chini mno, mahali ambapo maji hukaa muda mrefu hadi mche unakosa pumzi, na mara nyingi mti uliochaguliwa ni mkoko kwa kuwa tunda lake ni rahisi kushika. Pale ambapo maji yanaingia na kutoka sawasawa na mbegu zipo, mikoko huota yenyewe bila kusaidiwa na mtu. Hori la Mwache hapo Mombasa linatoa funzo la upande wa pili. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi ya kupumulia, na miti mikubwa ikafa ikiwa imesimama. Hakuna upandaji wa pwani ambao ungezuia hilo. Dawa yake ilikuwa kwenye mashamba ya juu, mbali na macho ya anayekuja kuona bahari.

Ndiyo maana naona wasiwasi pale serikali inapotupa lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032 na tukasherehekea kwa hesabu ya miche. Tulipewa hata siku ya mapumziko, tarehe 13 Novemba 2023, ili nchi nzima ipande. Nia ni nzuri na watu walitoka kwa moyo. Lakini Julai mwaka huohuo marufuku ya kukata miti iliyokuwepo tangu 2018 ilitangazwa kuondolewa. Mti mkubwa unaoangushwa na mche unaopandwa havilingani hata ukiandika namba moja kwa moja kwenye karatasi, na raia aliyezoezwa kuhesabu miche tu hatakuwa na macho ya kuuona ule unaoanguka.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo kambi nyingi zinapowaangusha wenyeji bila kujua. Katika miaka ya mwanzo Mikoko Pamoja ilipata kama dola 12,000 kwa mwaka kutokana na kaboni. Hizo ni za vijiji viwili, kwa kulinda msitu mwaka mzima. Chukua mfano wa kambi ya watu 30 wanaolala hoteli ya Diani usiku mbili, tuseme kwa shilingi 15,000 kila mmoja kwa usiku. Hiyo ni shilingi 900,000. Dola ikiwa shilingi 130, ni karibu dola 6,900: zaidi ya nusu ya malipo ya mwaka ya vijiji viwili, na imeishia Diani, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Gazi imepata saa tatu za wageni, miche iliyopandwa vibaya ambayo mtu atalazimika kuirudia, na chupa za plastiki. (Kuhusu chupa: tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye fukwe, misitu na mbuga zinazolindwa nchini. Kambi ya mazingira inayoingia na katoni za maji ya chupa inavunja kanuni ambayo ilipaswa kuwa somo lake la kwanza.)

Mpango unaofaa haujifichi. Kina mama wa Gazi wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, na wanajua kupika. Wageni walipe kiingilio cha daraja, wale wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha uliochumwa pale pale, walale nyumba za wenyeji pale inapowezekana, na wamlipe mlinzi wa msitu awaongoze kama mtaalamu anavyolipwa, si kama kibarua anayepewa chai. Bei wapange wenyeji. Ratiba wapange wenyeji. Kama wenyeji watasema wiki hii hakuna haja ya kupanda, kuna haja ya kuokota nyavu zilizokatika au kunyweshea miche ya mvinje kwenye kitalu, hiyo ndiyo kazi ya wageni. Najua waandaaji watasema wafadhili wanataka idadi ya miche. Basi wafadhili waambiwe ukweli. Mtu anayelipia safari ya watu 30 anaweza kuelewa, akielezwa, kwamba mshahara wa mlinzi mmoja kwa mwaka ni kitu cha kujivunia kuliko miche elfu isiyojulikana iliko.

Kuna dai jingine linalohitaji kusemwa waziwazi. Kampuni nyingi hurudi kutoka kambini zikitangaza kwamba zimefidia moshi wao. Mtu mmoja kuruka kutoka London hadi Nairobi na kurudi hutoa zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Hekta moja ya mikoko ya Gazi inapewa krediti kama za tani 25 kwa mwaka. Yaani hekta nzima, ikilindwa mwaka mzima, inafidia safari ya sehemu ndogo tu ya abiria wa ndege moja. Mche wako, kwa miaka yake ya mwanzo, haufidii chochote kinachoonekana. Na kaboni ya Gazi tayari imeuzwa; mwenye krediti yupo, mara nyingi Ulaya. Mgeni akipanda ndani ya mradi na kuandika kwenye ripoti ya kampuni kwamba kaboni hiyo ni yake, tani moja imedaiwa na watu wawili. Bora kusafiri kwa garimoshi hadi Mombasa, kuvuka Likoni na feri, kupanda matatu, na kutodai chochote.

Sheria nayo imesogea. Mwaka 2023 Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, na miradi ya kaboni inayotegemea ardhi ya jamii sasa inatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama, kwa mkataba ulioandikwa. Hilo lingekuwa somo la Jumamosi jioni lenye thamani kuliko mazungumzo kumi ya jumla kuhusu sayari. Wageni wakae na wanakamati, wasikie mkataba unasemaje, mwananchi analalamikia wapi akiona fedha hazionekani, na kwa nini Vanga, Jimbo na Kiwegu, vijiji vya mpakani vilivyofuata nyayo za Gazi mwaka 2019 na mikoko ya zaidi ya hekta 400, vilitaka kwanza kuja kuuliza Gazi. Waliuliza mambo ya kamati na fedha. Kupanda walikuwa wanakujua.

Na mwongozo wa kuishi bila kuharibu haukuanza na kaboni. Ukitoka Gazi kurudi Diani unapita Kinondo. Msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu, wa Wadigo ulioko pale ni mmoja wa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huelezwa masharti, na hutoka kama alivyoingia: jani halichumwi, kuni haiokotwi. Pande zote kuna hoteli na viwanja vinavyouzwa kwa bei ya kutisha, na msitu mdogo wa hekta kama 30 umesimama. Haukusimama kwa sababu watu wanaupenda. Wengi wanapenda misitu iliyokwisha. Umesimama kwa sababu wazee wana mamlaka, makatazo yanajulikana na kila mtu, na anayevunja anashughulikiwa. Mwanakambi wa Nairobi anayeelewa mantiki ya Kinondo ataelewa kwa haraka pia kwa nini Karura, msitu ulio ndani ya jiji lake, ipo. Kila Jumapili maelfu ya watu hukimbia, hutembeza watoto na hupanda baiskeli Karura. Isingekuwa Wangari Maathai na wenzake waliosimama mbele ya watu wa mapanga na rungu Januari 1999, leo pale pangekuwa na majumba. Miche waliyoibeba siku ile ilikuwa ishara. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa hati za ardhi.

Kwa hiyo kambi nzuri inamrudisha mtu mjini akiwa na maswali ya aina hiyo. Kenya inatoa sehemu ndogo mno ya moshi wa dunia, haifiki hata asilimia moja, na tabia za mtu mmoja wa Kilimani hazitabadilisha joto la bahari. Tusiwadanganye vijana kwamba mrija wa chuma utamwokoa mvuvi wa Gazi. Kinachoweza kubadilishwa mjini ni nani anakufa mvua zikija. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini, na Mathare maji yaliingia ndani ya nyumba watu wakiwa wamelala. Mto ulikuwa umebanwa, mitaro ilikuwa imejaa taka, na aliyejenga kwenye ukingo na aliyemruhusu wote wanajulikana mtaani. Kaunti nyingi sasa zina mifuko ya tabianchi na kamati za wadi zinazopaswa kupendekeza fedha ziende wapi. Vikao vyake havina mvuto. Hufanyika siku ya kazi, katika ukumbi wenye viti vya plastiki, na huhudhuriwa na watu wachache ambao mara nyingi ndio walewale. Mtu aliyetoka Gazi akiwa ameona kamati ya wavuvi na kina mama ikishika daftari la fedha na kulisoma mbele ya baraza hana sababu ya kusema vikao kama hivyo si vyake.

Ningependa waandaaji wajaribu pia safari ya upande wa pili. Bajeti ya kambi moja itengwe kuwaleta Nairobi wanakamati wawili au watatu wa Gazi, walipwe nauli, malazi na posho yao kama wawezeshaji wengine wanavyolipwa, wakae na wakazi wa Mathare au South B na wawaeleze walivyoanza: kanuni ziliandikwa vipi, nani anashika fedha, aliyekamatwa na shoka alifanywa nini mara ya kwanza na mara ya pili, na waliwanyamazisha vipi wanasiasa waliotaka kiti kwenye kamati. Ziara hiyo iwekwe Januari au Februari, kabla ya masika, mitaro ikiwa bado mikavu na kamati ya wadi ikiwa bado haijapeleka mapendekezo yake ya bajeti.